Mkono Wangu Hautetemeki

Jumatano, 19 Juni 2002

Nimetukanwa na binti yangu. Kwa heshima zote, akinimiminia chai.

Colombe anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 29, hapa hapa Bukavu, parokiani kwetu Kasha. Picha za ukoo huu nazipiga mimi tangu mwaka 1971. Ubatizo, komunyo, matanga. Leo ananiarifu kwamba za arusi yake atazipiga Papa Xavier.

Xavier! Mtu aliyefundisha hesabu katika shule ileile nilipofundisha mimi sarufi, na ambaye mpaka leo anasema "kitabu yangu".

Sababu ni Dany. Mwanangu mkubwa yuko Kinshasa, upande wa pili wa vita. Miaka minne hatujaonana. Barua haivuki, gari halivuki. Picha ya numeriki, ya kamera isiyo na filamu, inavuka, kwa Intaneti, kutoka ofisi ya shirika anakofanya kazi Maman Lucie, dada wa mke wangu. Dany ameomba kitu kimoja tu: picha ya arusi inayoonyesha nyuso. Na Xavier ana kamera ya numeriki, zawadi ya binti yake aliye Ubelgiji.

Nikasema Maman Lucie naye anayo ofisini, ataniazima. Colombe akatazama chini. Akasema ya Papa Xavier ina stabilizatere, kwa hiyo picha zake hazitikisiki. Nikauliza ni picha ipi yangu imewahi kutikisika. Mke wangu Marcelline akaleta albamu. Alifungua tu ukurasa wa ubatizo wa Colombe. Padri ana pua mbili.

Nilimweleza kwamba siku ile kulikuwa na upepo. Akasema tulikuwa ndani ya kanisa.

Mkono wangu hautetemeki. Anayebisha autazame mwandiko huu. Isipokuwa mstari wa tatu, ambapo kuku alipita.

Ijumaa, 21 Juni

Nimelifumbua fumbo.

Nimepata kijitabu cha kamera ya Xavier. Nilikiazima kwa mkewe, Maman Agathe, Xavier mwenyewe akiwa kwa kinyozi. Nimekisoma chote, Kifaransa chake chote. Neno limeandikwa wazi: stabilisateur.

Lakini hilo neno tunalo sebuleni! Sanduku la chuma, kilo kumi na mbili, linalolinda friji umeme unapopanda na kushuka. Bukavu nzima inajua: umeme ukishuka, picha ya televisheni hujikunja na kutetemeka. Unganisha stabilizatere, inatulia.

Basi kinachotetemeka si mkono. Ni umeme. Betri za kamera hushiba umeme wa mji huu, nao ni umeme uliolewa. Miaka yote hii mtu mzima nimesingiziwa.

Nilimweleza shemeji yangu Willy, mdogo wa Marcelline, ambaye zamani alitengeneza redio. Akasema ile ya kamera iko ingine. Nikamjibu kwamba neno likiwa moja, kitu ni kimoja. Tena si "iko ingine", ni "ni nyingine". Akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Jumapili, 23 Juni

Ushindi.

Baada ya misa Maman Lucie alileta kamera ya ofisini, pamoja na waya wake wa umeme. Waya mfupi mno, shibiri mbili. Nikachomoa friji, nikachomeka kamera kwenye stabilizatere. Kwa kuwa waya haufiki popote, ilinibidi kuiweka kamera juu ya sanduku lenyewe na kubonyeza kwa kidole kimoja. Marcelline alisimama dirishani kwa shingo upande.

Picha imetulia kabisa. Vitone vya kitenge chake vinahesabika.

Kisha nikachomoa waya, nikaishika kamera mkononi, nikapiga tena. Marcelline ana macho manne.

Hata mtu wa hesabu hawezi kupinga. Pamoja na stabilizatere, uso mmoja. Bila stabilizatere, nyuso mbili. Willy akauliza kama si kwa sababu kamera ilikuwa imekaa juu ya sanduku. Nilimwambia asichanganye mambo.

Maziwa ya friji yameharibika. Nimemshauri Marcelline ayaite mtindi.

Jumatatu, 24 Juni

Xavier alikuja kuchukua kijitabu chake. Hakukasirika, jambo lililoniudhi. Akakaa, akakubali chai, akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ndani ya kamera yake mna kipande kidogo cha kioo kinachoelea. Mkono ukienda kushoto, kioo huenda kulia. Mitikisiko miwili inauana.

Nikamcheka mpaka mlangoni.

Lakini wakati wa kula kicheko kilinikauka. Nilikumbuka somo langu mwenyewe. "Hakuna asiyejua" maana yake wote wanajua. Kukanusha mara mbili ni kukubali. Basi kutikisika mara mbili ni kutulia! Mtu wa hesabu ameangukia kanuni ya sarufi, na hana habari.

Nimeliweka wazo hilo akiba. Kwanza sanduku.

Jumatano, 26 Juni

Balaa.

Tulikuwa tunapeleka sanduku kanisani, kujaribu umeme wa karibu na altare. Willy alilibeba begani. Mimi nilibeba waya. Kwenye kizuizi askari wakatusimamisha. Wakalizunguka sanduku. Chuma, waya, mshale unaocheza nyuma ya kioo.

"Muzee," mmoja akasema, "hii iko fonia."

Fonia ni redio ya kuongea na wapiganaji wa porini. Kuna waliopotea kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Willy alianza Salamu Maria kwa sauti ya chini. Mimi nikamweleza askari, kwa utulivu, kwamba hatusemi "hii iko", tunasema "hii ni". Willy akanikanyaga mguu bila kukatisha sala.

Kamanda akatoka kibandani. Willy akamwambia haraka kwamba ni kitu cha kutuliza televisheni. Uso wa kamanda ukabadilika. Anayo televisheni. Leo, katika Kombe la Dunia, Brazili inacheza na Uturuki huko Japani, na picha yake tangu asubuhi inacheza kuliko wachezaji.

Tukaunganisha. Ikatulia. Tukapewa viti, tena vya mbele. Brazili ilishinda bao moja kwa bila, na kamanda akamkumbatia Willy.

Sisi tuliruhusiwa kwenda. Sanduku halikuruhusiwa. Litarudi, kamanda alisema kwa upole, fainali ikimalizika.

Fainali ni Jumapili. Arusi ni Jumamosi.

Marcelline anasema nimshukuru Mungu kwamba tumerudi na vichwa vyetu. Nilimshukuru, kwa ufupi. Nilikuwa nafikiri.

Ijumaa, 28 Juni

Mpango wa pili: ukanushi maradufu.

Willy atanishika kiwiko na kukitikisa kinyume. Nikienda kushoto, yeye kulia. Nikipanda, yeye ashuke. Tulifanya mazoezi nyuma ya jiko saa nzima. Ugumu mmoja: Willy hajui ninakoelekea mpaka nimekwisha kufika. Nimemwagiza awahi.

Tulimpiga picha mbuzi wa jirani. Katika picha ya kumi na nne anaonekana kama kundi zima. Lakini pembe moja imetulia. Kuna matumaini.

Colombe alitokea mlangoni, akamuuliza mama yake mjomba, tonton Willy, anamfanya nini Papa. Marcelline akamwambia tunaombea ndoa.

Jumamosi, 29 Juni

Nimemwoza binti yangu. Niandike kwa mpangilio.

Nilimwingiza Colombe kanisani kwa mkono wa kulia. Kamera ya Maman Lucie ilikuwa ndani ya koti, upande wa kushoto. Viapo vikapita salama. Bwana arusi, Jean-Claude, alisema "ndiyo" kwa matamshi safi. Kisha padri akaita familia mbele ya altare kwa picha ya wote, ile ya kumpelekea Dany.

Nikatoka mstarini. Nikatoa kamera. Willy akaruka kutoka benchi lake, akanikamata kiwiko, akaanza kazi.

Waumini hawakuelewa. Maman Lucie alidhani nimepatwa na kifafa, akaja mbio na maji ya baraka. Xavier, aliyekuwa amesimama kando na kamera yake, aliziba mdomo kwa kofia. Nikamwamuru Willy aongeze kasi.

Ndipo Colombe akamwacha mumewe, akashuka ngazi na gauni lake lote. Akanishika mkono ule ulioshika kamera. Mkono ukatulia. Nilishangaa.

"Papa," akasema polepole, "Dany hakuomba Papa apige foto. Aliomba kumuona Papa."

Nililiacha neno "foto" lipite. Si kawaida yangu. Nilimkabidhi Willy kamera, nikarudi mstarini, kati ya Colombe na mama yake.

Kanisa lilikuwa na giza kidogo, na padri hataki mwanga wa kamera mbele ya altare. Xavier akatangaza kwamba kwa stabilizatere yake hana haja ya mwanga. Watu wakae tu kama sanamu, mashine itafanya yaliyobaki. Tukakaa kama sanamu. Hata watoto. Hata Willy. Nilimfikiria Dany. Nilijitahidi kuwa na uso wa baba.

Xavier akainua kamera, akasema:

"Muangalie huku."

Mwangalie! Tumwangalie nani? Mtu aliyefundisha miaka ishirini na minane! Ni "angalieni". Nikageuka, nikainua kidole, nikamuuliza ni nani hasa anayetakiwa kuangaliwa.

Kamera ikalia.

Baada ya hapo betri yake ikafa. Umeme wa mji huu nilikwisha kuueleza.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeiona picha, kwenye kompyuta ya Maman Lucie.

Wote wamo. Maua ya Colombe yanahesabika, petali kwa petali. Kifungo cha Jean-Claude kilichokatika uzi kinaonekana. Marcelline amependeza kama mwaka 1968. Na katikati ya Marcelline na Colombe, wingu limevaa tai.

Xavier alikuja na kichwa chini. Anasema stabilizatere hutuliza mkono wa anayepiga, haimtulizi anayepigwa. Udhuru huo ameupata baada ya arusi. Na picha nyingine ya familia nzima haipo: kamera ya Maman Lucie ilikuwa imejaa mbuzi.

Colombe aliituma Jumatatu, akilia. Nilimwomba aambatanishe maelezo kwamba wingu ni mimi. Akaituma bila maelezo. Nilikaa kibarazani. Sikumsahihisha mtu yeyote tangu asubuhi mpaka jioni, siku mbili mfululizo. Marcelline alitaka kumwita daktari.

Leo Dany amejibu. Colombe alikuja na karatasi, akatusomea kwa sauti, amesimama:

"Bote nilibatambua kwa sura. Papa nilimutambua kwa kutikisika. Huku batu balikuwa banasema Papa alikufa kwa hii vita, na mimi sikubauliza nyinyi juu niliogopa jibu. Sasa nimeona. Papa iko muzima. Tena iko anasahihisha mutu."

Marcelline amelia. Colombe amelia, kisha akaniwekea mkono begani. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Ni kiangazi.

Nimeiomba karatasi hiyo. Nimeisoma mara sita. Makosa kumi na mawili. Nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kumwomba Colombe amrudishie Dany. Anasema Intaneti haina nafasi ya wino mwekundu. Nitamuuliza Maman Lucie.

Chini nimeongeza mistari miwili kwa mkono wangu, usiotetemeka. Nimemwambia mwanangu asihuzunike kwamba safari hii alipata taabu kunitambua. Picha ijayo ya familia nitaipiga mimi mwenyewe, ili anione vizuri.