Bei Haikupanda, Imekomaa

Inatangazwa kwa furaha kwamba kampuni yetu ya maji haijapandisha bei. Bei imekomaa. Nina uhakika, maana neno hilo nimelitafuta mwenyewe wiki mbili nzima, mimi Mkuu wa Kitengo cha Maneno Laini, kitengo chenye meza moja, feni mbovu na mimi.

Utaratibu aliousaini mkurugenzi uko wazi. Neno "kupanda" ni marufuku ndani ya jengo. Atakayelitamka atasimama mbele ya wafanyakazi wote aisome barua yetu kwa wateja kwa sauti, huku akitabasamu. Mhasibu, maskini, aliisoma kwa kuuliza tu, lifti ikiharibika atapandaje juu.

Barua yenyewe ilianza: "Mteja wetu mpendwa, kwa kuwa tunakuthamini, bei yako imekomaa maradufu." Nilipoimaliza nilitokwa na machozi. Mkurugenzi akaniita hazina ya kampuni.

Jioni nyumbani nikamkuta shangazi, aliyenilea kwa kufua nguo za watu, amekalia beseni lililopinduliwa, barua mkononi.

"Mwanangu, hii barua ya mapenzi au ya maji?"

"Ya maji, shangazi."

"Mbona inaniita mpendwa huku inaninyonga?"

"Ni ukomavu tu, shangazi."

"Ukomavu, eti! Kwa bei hii mwezi ujao nafunga kazi. Nani kaandika upuuzi huu?"

Nikasema sijui. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani sukari ikipungua kwenye kopo. Niliona aibu, lakini aibu ya kiofisi, ile isiyomzuia mtu kula.

Jumatatu mkurugenzi akaingia ofisini akihema, kabeba mashati yake meupe. Kola zinang'aa, kwingine kote matope. Kwenye kifungo pamebanwa karatasi: "Mteja wetu mpendwa, kwa kuwa tunakuthamini, bei ya kufua imekomaa mara nne. Kwa bei ya zamani utaendelea kufurahia kola."

"Huyu mama mwizi!" akafoka. "Kapandisha bei!"

Mhasibu akainuka taratibu, akamkabidhi barua yetu kwa mikono miwili.

"Mbele ya wote, mheshimiwa. Na tabasamu."

Akasoma. Alipofika "maradufu" akaishusha karatasi, kasahau aliyemwita hazina. "Nani kaandika upuuzi huu?"

Nikasema sijui.

Shangazi hakufunga kazi; mkurugenzi analipa mara nne, kwa kuwa hana mwingine anayejua kunyoosha kola zake. Nyumbani sahani yangu nayo imekomaa. Siku hizi napakuliwa ukoko.