Malalamiko Dhidi ya Mume Wangu na Sange wa Nyuma ya Nyumba

Kwako Shemeji, karani wa mahakama mstaafu, na kaka wa tumbo moja na mlalamikiwa:

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekuachia. Huku sote wazima wa mwili. Ya roho ndiyo yaliyonikalisha mezani. Unisamehe kwa kuandika kwa penseli. Kalamu ya kubonyeza hutoa mlio, na katika nyumba hii mlio umepigwa marufuku. Utaelewa huko mbele.

Namlalamikia mdogo wako, ambaye ni mume wangu, pamoja na mnyama mmoja aitwaye sange, mkazi wa kichaka cha nyuma ya nyumba. Kama hujawahi kumwona, mfikirie panya aliyeazima pua ya tembo na miguu ya swala, kisha akagoma kurudisha. Kwa kuwa umezoea mashauri yenye namba, nayapanga kama ifuatavyo.

1. Kuhusu lenzi. Unakumbuka mikono ilivyoanza kumtetemeka. Fundi saa mzima, aliyekuwa akishika skrubu usiyoweza kuiona bila miwani, siku moja springi ya saa ya mteja ikamruka ikapotelea sakafuni. Alifunga duka, akatundika koleo zake ukutani, akakaa kitini akitazama ukuta huohuo. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Baba, tafuta shughuli." Nilimaanisha kuku. Yeye akaleta kamera yenye lenzi ya kuvuta vya mbali, ndefu kama bomba la moshi la mwoka mikate. Stendi ya miguu mitatu hataki hata kuiona. Anasema ukimaliza kukunjua mguu wa pili, sange keshafika kwa wakwe zake. Basi anaishika kwa mikono, mikono ileile! Na ili iwe na nguvu, asubuhi ananyanyua mchi wangu juu na chini, juu na chini, mbele ya dirisha la majirani. Mchi umegeuka mwanamichezo, kinu kimebaki mjane.

2. Kuhusu pumzi. Nimefahamishwa kwamba picha isiyotikisika hupigwa na mtu aliyebana pumzi. Sipingi. Ninachopinga ni mazoezi ya mezani. Jirani yetu mkunga alikuja kuazima chujio, akamkuta amevimba mashavu, macho yamemtoka, kijiko kiko hewani. Mkunga ni mtu wa vitendo. Alimtandika kofi la mgongo ambalo lingemliza mtoto yeyote mchanga. Mdogo wako, badala ya kushukuru, akafoka: "Umemfukuza sange! Alikuwa ameshasimama pale dirishani!" Mkunga hajarudi tangu hapo, na chujio hakuchukua.

3. Kuhusu ukimya. Ndala zimepigwa marufuku. Vifuniko vya sufuria vimefungwa vitambaa kama wagonjwa wa meno. Nikitaka kupiga chafya naenda kuifanyia ndani ya kabati la nguo. Mazungumzo yetu sasa ni ya ishara: kiganja wazi maana yake simama, kidole kimoja maana yake anakuja, ngumi maana yake ametulia. Dada yangu alipita njiani siku moja, akachungulia juu ya ua, akamwona shemeji yake ameninyooshea ngumi na mimi nimejikunyata kando ya beseni. Kufikia jioni ukoo wangu wote ulikuwa umepiga simu. Mjomba aliuliza kama nataka kurudi nyumbani. Nilipomweleza kwamba ngumi ile ilihusu mnyama mdogo kuliko kiatu chake, aliuliza kama nataka kurudi nyumbani upesi zaidi.

4. Kuhusu ndoa ya mtoto wetu. Bibi harusi alimwomba baba yake, kwa heshima zote, apige picha moja tu, wao wawili wakishuka ngazi baada ya kutia saini. Akakubali. Watu wakajipanga. Wakati uleule nguchiro akatoka kwenye mfereji wa maji machafu. Shemeji, sisi hatuna picha ya harusi. Tuna picha ya nguchiro, safi, kila unywele umehesabika, na pembeni kuna kitu cheupe. Mtoto aliitazama muda mrefu.

"Baba, mimi niko wapi?"

"Hapo, mama. Kisigino chako kimetoka vizuri sana."

Mkwe wetu mpya alicheka kwa adabu. Ndivyo walivyo wakwe wapya. Lakini picha imetundikwa sebuleni, na wageni wanatuuliza huyo nguchiro ni wa upande wa nani.

5. Na hapa ndipo penye jipu. Juzi, tukinywa chai ya kimyakimya, mume wangu alinong'ona kwamba sange huishi wawili wawili, dume na jike, na kwamba kichakani wana vijia vyao ambavyo dume huvisafisha jani kwa jani, ili hatari ikija mkewe asijikwae. Alilisema hili kwa macho ya mtu aliyeguswa. Nami nikatazama uwanja wetu, nikatazama ufagio, nikajitazama mimi niliyeushika. Mwanamume anayesifu kufagia kwa mwanamume mwingine, kisha akainua miguu ili mkewe afagie chini yake, huyo ana jambo.

Kwa hiyo naomba baraza la ukoo litamke yafuatayo. Kama huyo sange jike ni mke mwenzangu, atambulike rasmi, nami sitaleta fujo, ila tugawane zamu. Wiki yake apike, afue, amsikilize mume akikoroma. Dume lake ahamie huku, kwa maana inaelekea ndiye pekee mtaani anayejua kazi ya ufagio. Na kama hilo haliwezekani kisheria, uje mwenyewe Jumamosi hii, na watu wazima wawili wenye sauti kubwa, mumnyang'anye ile lenzi na kumrudishia akili. Usikawie. Mimi maji yamenifika shingoni.

Msalimie sana mama watoto wako, na watoto wote, na kinyozi wako anayependa habari za watu, na yule jirani yako mwenye kikohozi, ila yeye asiongozane nanyi.

Ni mimi shemeji yako, katika subira iliyochakaa,
Mke wa kwanza, na hadi leo asubuhi wa pekee.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, niliona ngumi dirishani. Nikatoka miguu mitupu ili kumwambia kwamba nimekuandikia. Hakunipa nafasi. Alinikabidhi lenzi, akanielekeza kwa kidevu. Shemeji, nilimwona. Alikuwa amesimama kwenye kijia chake, pua inacheza, na nyuma yake mtoto, mdogo kama kokwa ya tende, ana pua vilevile! Nilibana pumzi, nikabonyeza, nikatetemeka mwili mzima. Picha yangu ni ukungu mtupu. Kisha mume wangu akaichukua lenzi, na mikono yake, nakuapia, ilitulia kama zamani za dukani. Katika picha yake sharubu za mtoto zinahesabika. Aliitazama, akaitazama mikono yake, akakaa chini palepale kwenye majani, nami nikakaa naye.

Basi Jumamosi usije. Au njoo, lakini peke yako, na uvue viatu barabarani. Zunguka kwa nyuma ukipita kando ya ukuta, na tafadhali sana, Shemeji, usipige hodi.