Malalamiko Dhidi ya Kasha la Diski na Shemeji Anayelilinda

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Ramani,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni karani wako wa masjala, huu mwaka wa thelathini na moja. Sijawahi kukuandikia kulalamika, ila sasa maji yamenifika shingoni. Alhamisi utakaa na kamati kuamua kama fundi wa kompyuta aongezewe mkataba. Fundi huyo ni mdogo wa mke wangu, yaani shemeji yangu, kwa hiyo amini kwamba nisemayo hayana chuki hata chembe. Naomba asiongezewe. Sababu ni hizi:

1. Ulipomwagiza anunue kadi ya RAID, ile inayosimamia diski zilizomo kwenye kasha la nje ya seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, alichagua kwa wiki tatu nzima. Mchumba alimpata kwa wiki mbili, nilikuwepo. Kadi iliyokuja na seva aliikataa, eti haina tundu la kuungia kasha la nje, wala betri ya kushikilia kazi umeme ukikatika. Nilimwonyesha nyingine yenye taa za kijani na bluu, nzuri sana. Hakuitazama mara mbili.

2. Mwishowe alinunua kadi mbili za aina moja. Moja inafanya kazi. Ya pili imelala kwenye droo, eti ya kwanza ikifa tusianze kumtafuta pacha wake dunia nzima. Masjala ina upungufu wa watumishi wawili, lakini kadi inalala usingizi mnono kwa idhini ya ofisi.

3. Kasha lina diski nane. Nne kati yake kazi yao ni kunakili kila kinachoandikwa na wenzao, neno kwa neno. Sisi shuleni tulipotazamia daftari la jirani tulichapwa. Hapa wanaita usalama. Naomba hizo nne zing'olewe, wapewe watu wa mapokezi.

4. Mke wangu alifuma kitambaa cheupe chenye maua, nikafunika kasha lisiingie vumbi, kama tunavyofunika redio nyumbani. Shemeji alikivua mbele ya wageni, akisema kasha linapumulia upande huo na joto litaua diski. Kitambaa cha dada yake wa tumbo moja!

5. Siku moja nilichomoa diski kwa nia njema, nikaifuta vumbi, nikairudisha. Kadi ilipiga kelele hadi mkutano wako ukavunjika, na shemeji akashinda kutwa akisubiri diski ile ijazwe upya. Kesho yake alibandika karatasi: USIGUSE. Ameibandika usawa wa macho yangu, na mimi, kama ujuavyo, ni mfupi. Ofisi nzima imeelewa anayeambiwa.

6. Hili ndilo zito. Zamani mtu akitaka ramani ya kiwanja chake alikuja kwangu, nami nilijua iko rafu ya ngapi bila kufungua daftari. Sasa ramani zote zimo kwenye kasha lile, na watu wananipita mlangoni bila hata hodi. Inaniuma, Mheshimiwa, sitakuficha.

Basi naomba shemeji apumzishwe, kasha lizimwe, na ramani zirudi kwenye rafu. Ufunguo wa masjala nitautunza mimi.

Nisalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na dereva wako, na yule mama wa chai asiyenisahau.

Ni mimi, mtumishi wako mwaminifu,
Karani wa Masjala

Tanbihi: Sehemu hii naiandika kwa mkono. Barua niliimaliza jana, nikaihifadhi kwenye kasha hilohilo, maana sina pengine. Leo asubuhi diski moja imekufa, na ndiyo iliyobeba kazi zangu zote. Shemeji alichomeka diski mpya, na kwa kuwa mwenzake kati ya zile nne alikuwa amenakili kila kitu, hakuna ramani iliyopotea, hata moja. Kisha akafungua barua hii kuhakikisha imesalimika, akaisoma yote, akaichapa. Ameniletea mezani na kalamu, akaniambia kwa upole nitie saini, maana kila mtumishi ana haki ya kulalamika. Sina pa kuweka uso. Naomba umwongezee mkataba, mrefu kadiri kamati itakavyokubali. Ndiye aliyekuletea bahasha hii. Tafadhali mkaribishe kiti.