Wanga Kwenye Jezi

Jumatatu, 3 Februari

Kocha amefukuzwa. Naandika tena ili niamini: kocha amefukuzwa. Namshukuru Mungu, nawashukuru viongozi wa klabu, na bila kujisifu, najishukuru na mimi.

Maana wimbo ni wangu. "Kocha, funga virago, na usiache hata kidogo." Niliutunga huku napiga pasi, wiki ile tuliyofungwa nyumbani na timu ambayo kipa wake alikuwa na bandeji kichwani. Jumamosi iliyofuata uwanja mzima ukauimba. Mimi nilichezesha midomo tu. Mwenyekiti wa tawi la mashabiki hatakiwi kuonekana na hasira. Tena mimi ndiye dobi wa timu, jezi zote zinafuliwa kwangu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Hizo jezi ndizo zinazoniumiza kichwa. Tuko wa pili kutoka mkiani. Katibu wa klabu kasema tukishuka daraja kila mchezaji atajifulia mwenyewe. Hoteli ilishaleta mashine zake. Wanasheria siku hizi wanavaa fulana. Jezi zikiondoka, nafunga duka.

Yule kocha tulimwita Taratibu, kwa sababu kila ukimuuliza lini tutashinda alikujibu neno hilo hilo. Timu inazama, yeye taratibu. Aende salama. Sina kinyongo naye sasa.

Jumatano, 5 Februari

Kocha mpya katangazwa. Ni shemeji yangu.

Nilisikia redioni nikiwa na shati la mtu chini ya pasi. Shati limeungua mgongoni. Mwenyewe nitamshauri avae koti.

Ni kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa mwalimu wa michezo, shule ikamwacha, mwaka mzima yuko nyumbani anapanga upya viatu vyake. Mke wangu alilia kwa furaha juu ya beseni. Akasema Mungu hamtupi mja wake. Nami nikasema amina, kwa dhati kabisa, mpaka aliposema kaka atakaa kwetu.

Kinyozi wa duka la mbele yangu, ambaye ni makamu wangu kwenye tawi na anakitamani kiti changu tangu siku nilipokikalia, alivuka barabara na wembe mkononi kuja kunipongeza. Alisema tawi letu sasa lina kocha wa ndoa. Nikamwambia huyu ni mtaalamu. Akauliza wa nini. Nikasema wa mpira, unadhani wa nini? Alicheka mpaka mteja wake, povu nusu ya uso, akatoka kuja kumtafuta.

Jumamosi, 15 Februari

Mechi ya kwanza ya shemeji. Tumefungwa matatu.

Bao la tatu lilipoingia nikasikia sauti nyuma yangu. Kinyozi. Anaimba. Kocha, funga virago. Uwanja ukaitikia kama vile haukuwa umeacha. Sijui nilifikiria nini kutunga kiitikio kinachoshikika haraka hivi. Laiti kipaji changu kingekuwa kidogo.

Mke wangu alikuwa kando yangu. Aliniuliza ni mtu gani huyo aliyekaa chini akatunga upuuzi wa namna hiyo juu ya mtoto wa mwenzake. Nikamwambia ni watu waliokosa malezi. Akasema amjue tu. Nikasema hata mimi ningependa kumjua.

Mkuki kwa nguruwe. Kwa shemeji, mchungu kweli.

Shemeji alirudi, akakaa kwenye kiti changu, akala chakula chote bila kuinua uso. Halafu akanishukuru kwa jezi safi. Basi hilo likanichoma kuliko yale mabao matatu.

Jumanne, 18 Februari

Dawa ya wimbo ni wimbo. Nimetunga mwingine wa kumsifu shemeji, beti nne, ndani yake kuna mkakati, nidhamu na uzalendo. Niliwafundisha wanatawi jioni, dukani kwangu, kati ya nguo za watu.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili walipotelea kwenye neno mkakati. Walipofika kiitikio kila mmoja alishika njia yake, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka mwisho wake, wote kwa pamoja wakamalizia na funga virago. Kwa furaha sana. Kinyozi akasema hongera Mwenyekiti, umeuongezea utangulizi.

Hata hivyo nashukuru. Walikuja wote, na mmoja aliacha suruali ya kufua.

Alhamisi, 20 Februari

Leo kanijia Taratibu mwenyewe. Nilimwona akivuka barabara nikajificha nyuma ya mashuka. Akayasalimia mashuka. Ikabidi nitoke.

Alifuata koti lake la michezo, alilolileta kabla ya kufukuzwa. Nilikuwa nimelifua, nimelipiga pasi, na filimbi niliyoikuta mfukoni nimeirudisha humo humo. Aliipapasa ile filimbi, akakaa kwenye stuli. Akasema siku zote alizofanya kazi hapa, hata zile za kuzomewa, alijua Jumamosi atavaa kitu kisafi kinachonukia, na hilo lilimpa moyo. Akasema ahsante. Nilijishughulisha na kifungo.

Kisha akasema hana ubaya na mtu. Wimbo wenyewe, alisema, ni mtamu. Amejikuta anauimba bafuni. Angependa kumjua aliyeutunga.

Nikasema ni Kinyozi.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Ila nikafikiri, haidhuru, akienda kumgombeza, zigo si langu. Akanishukuru, akavuka barabara. Nikachungulia dirishani. Walizungumza. Kinyozi alionekana kushangaa, kisha akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, kama mtu anayepokea zawadi.

Mwongo huyu. Kakubali kazi ya mtu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sijaandika siku nyingi kwa sababu mambo yamekuwa mazuri, na mambo mazuri hayana cha kuandika. Tumeshinda, tumetoka sare, tumeshinda tena. Tumebakiza mechi moja. Tukipata sare tu, tunabaki ligi kuu.

Barazani kwa Kinyozi kesi inaunguruma kila siku. Wapo wanaosema kocha mpya ni mganga. Wapo wanaosema hajabadilisha kitu, anafanyisha mazoezi yale yale ya Taratibu, ila tu wachezaji sasa wameyazoea. Nilimuuliza shemeji mezani ni kipi hasa alichobadilisha. Akafikiri. Akasema amebadilisha saa ya mazoezi, iwe mapema, kwa sababu kwangu hawezi kulala, watoto wanapiga kelele. Nimemwomba asilirudie hilo mbele ya watu.

Uchungu wangu ni mwingine. Klabu ilimpa Taratibu viti viwili jukwaa la waheshimiwa mpaka mwisho wa msimu, kama kifuta jasho. Na kile cha pili anamkalisha nani? Kinyozi. Kasema anapenda kukaa na mtu mwenye ucheshi. Leo nimewaona wawili hao chini ya paa, kwenye viti vyenye mito, wanapewa soda na mtu aliyevaa tai. Mimi nilikuwa juani na gazeti kichwani.

Wimbo ni wangu. Kiti ni changu. Lakini nikisema wimbo ni wangu, mke wangu yuko pale pale, na alishasema amjue tu. Nimekaa na haki yangu mdomoni kama kipande cha moto, siwezi kumeza wala kutema.

Ijumaa, 9 Mei

Kesho ndiyo kesho. Asemaye kesho kutwa ni mwongo.

Nimepata wazo. Kinyozi kapata heshima kwa wimbo asioutunga. Mimi nitapata kwa kazi ya mikono yangu. Kesho watu watajaa, wakubwa wa ligi watakuja, na timu yetu itaingia na jezi ambazo hazijawahi kuonekana: nimezipiga wanga. Ule wa kola za wanasheria. Madobi wenzangu hukoroga kijiko, mimi nimekoroga sufuria. Mchezaji akiwa amenyooka, mpinzani humwogopa. Hata jogoo anajua hilo.

Mke wangu alipita akaziona zimesimama zenyewe ukutani, bila kutundikwa. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike polepole.

Timu iliingia. Walipendeza, sikatai. Walipendeza kama milango. Lakini mpira ulipoanza, nikaona beki wetu anajikuna. Kisha kiungo. Dakika chache, timu nzima inajikuna shingo na kwapa, na wapinzani wakapita katikati yao wakafunga. Moja bila. Shemeji akageuka, akatazama jukwaani mpaka akanipata. Mke wangu akauliza kwa nini kaka yake ananitazama hivyo. Nikasema ananisalimia.

Wimbo ukaanza. Funga virago. Uwanja mzima. Mke wangu akaziba uso kwa mikono. Nikaona mabega yake, na kwa mara ya kwanza tangu niutunge ule wimbo nikaona ni mbaya. Nikaliona na duka langu likiwa na kufuli.

Mapumziko ikanyesha mvua. Si manyunyu, mvua. Na wanga ukipata maji, dobi yeyote atakwambia, unakuwa uji.

Kipindi cha pili jezi zililainika, zikaanza kutoa ute. Mabeki wao wakimvuta mtu wetu, mkono unateleza. Mshambuliaji wetu, yule mrefu tunayemwita Ngazi, tangu tumjue mpira ukimgonga kifuani unaruka mpaka kwa kipa wake mwenyewe. Ikaja krosi. Ngazi akaweka kifua. Mpira ukagota, ukanasa. Kweli tupu, ukanasa kwenye uji, ukatulia, kisha ukashuka tumboni taratibu mpaka kwenye mguu wake. Yeye mwenyewe alishangaa. Akapiga. Moja moja.

Wapinzani wakalalamika. Mwamuzi akagusa kifua cha Ngazi, akanusa kidole, akafikiri, akaweka mpira kati.

Sare. Tumebaki. Nilimkumbatia mke wangu, nikamkumbatia mtu wa kushoto, nikamkumbatia askari. Nilimshukuru Mungu kwa mvua, maana sufuria lile lilikuwa limeniua.

Mwisho wa mechi shemeji hakwenda kwenye kipaza sauti. Alikwenda jukwaa la waheshimiwa, matope mpaka magotini, akamshika Taratibu mkono, akamshusha uwanjani. Akawaambia watu timu hii ililimwa na mzee huyu, yeye amevuna tu. Ngazi naye akasema kwa miezi mingi mzee alikuwa akimfundisha kuwa kifua ni mto wa kulalia si ukuta, na leo ndiyo ameelewa. Uwanja ukasimama. Waliomzomea wakampigia makofi mpaka mzee akavua kofia, akajifuta macho nayo.

Nililia pia. Siwezi kuficha. Ila hakuna aliyeutaja wanga.

Jumapili, 11 Mei

Katibu kapita asubuhi. Jezi zinabaki kwangu. Kaomba tu nizifue mara mbili, zimekauka zikiwa zimegandana na mbili hazitengani.

Mchana nilikuwa nazifikicha, mke wangu akaja kunisaidia upande wa pili wa beseni. Akasema anajua. Nikauliza anajua nini. Akasema wimbo. Anajua tangu mwanzo, alinisikia nikiutunga, ukuta kati ya duka na nyumba ni mbao. Akasema siku ile uwanjani alitaka tu kuona nitajibu nini.

Nikangoja beseni linijie kichwani. Halikuja. Alisema alikasirika sana, lakini akakumbuka kwamba bila ule wimbo Taratibu asingefukuzwa, na kaka yake angekuwa bado anapanga viatu. Kwa hiyo ahsante, alisema. Ila akasema nikiwa mwanaume kweli nitamwomba mzee radhi.

Nimekwenda. Nilimkuta Taratibu kwa Kinyozi, kitambaa shingoni. Nikasema mbele ya wote kwamba mtunzi ni mimi, nisamehe. Akacheka. Akasema alijua siku ile ile dukani, maana wakati anapapasa filimbi mimi nilikuwa nauimba kwa pua. Alimpa Kinyozi kiti ili tu aone nitavumilia mpaka lini. Kinyozi akatazama wembe wake.

Nimezungukwa na watu wema, na wote wana masikio. Namshukuru Mungu kwa kila mmoja, hata Kinyozi. Nimeapa mbele ya mke wangu: sitamzomea kocha yeyote tena maisha yangu. Kocha ni mtoto wa watu. Timu ni taratibu.

Jumamosi, 26 Julai

Mechi ya kirafiki, ya kujiandaa na msimu mpya. Shemeji, ambaye bado anakaa kwetu, kamweka Ngazi benchi. Ngazi, mwokozi wetu! Tumefungwa moja.

Sisemi kitu. Niliapa, na kiapo ni kiapo.

Nimeapa kutozomea. Kutunga sikukutaja. Nimetunga jioni hii, huku napiga pasi: "Shemeji, shemeji, chumba chakodishwa." Unashikika haraka. Na safari hii nimeimba kwa kunong'ona, kwa sababu ya ukuta.

Mke wangu amegonga upande wa pili. Anauliza ubeti wa pili unasemaje.