Nilivyokamatwa Runazi Nikiomba Nafasi ya Utafiti

Leo nimeadhirika, wenzangu wa bweni. Nawaandikia haraka kwa sababu Leokadia naye alikuwepo, na mkisikia kwake kwanza mimi chuoni sirudi.

Mnazikumbuka zile nafasi za mafunzo ya likizo kwenye taasisi ya utafiti wa sera za vijijini? Mwanafunzi anapewa posho kidogo na heshima nyingi (heshima ndiyo iliyonivuta). Niliomba. Nikaeleza kwamba nimezaliwa na kukulia Kanazi, wilayani Ngara, na kwamba wakulima hunifungulia mioyo kama mtoto wao. Ukweli ni kwamba tangu niende sekondari ya bweni, jembe naliona likiwa begani kwa mama.

Usaili ulikuwa leo, Biharamulo mjini, kwenye darasa la shule ya msingi. Nilivaa suruali ya bugaluu ya binamu yangu, mtu mwenye kiuno mara mbili ya changu. Nikaikaza kwa mkanda. Miguuni raizoni za kisigino kirefu. (Nyamazeni. Nilipendeza.)

Waombaji tulikuwa wawili tu, mimi na Leokadia, ambaye kwao ni Nyarubungo, karibu na hapa. Yeye alikuja na gauni la kawaida na kandambili. Nikamsikitikia.

Waliotusaili nao walikuwa wawili. Kiongozi wao wanamwita Dakta, mtu mnene mpole mwenye miwani. Msaidizi wake ni Bi Salome, mwanamke ambaye hacheki ovyo.

"Ndugu Fidelis," Dakta akaniuliza, "mkulima ni nani?"

Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilitaja nguvukazi, nyenzo, na mahusiano ya uzalishaji mali. Dakta akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza muziki anaoupenda.

"Na mara ya mwisho umezungumza na mkulima lini?" akauliza Bi Salome.

"Kila siku nazungumza nao." (Mama ndiye aliyeniamsha nilipokuwa nyumbani. Hayo si mazungumzo?)

Leokadia alipoulizwa mkulima ni nani, alisema, "Inategemea analima nini, na nani anakula." Nikajua nafasi ni yangu.

Kisha tukapandishwa kwenye Landrova hadi Runazi. Mtihani ulikuwa hivi: kila mmoja aingie peke yake kwenye nyumba ya mkulima, aulize maswali, arudi kutoa taarifa. Dakta mwenyewe angebaki ofisi ya kijiji, kwa sababu mtafiti mkubwa huangalia picha nzima. Picha nzima ilikuwa na chai na mihogo ya kuchemsha.

Hali ya sasa mnaijua. Vita viko kaskazini mwetu, malori ya jeshi yanapita, na redio haichoki kutuambia kwamba mgeni asiyejulikana atolewe taarifa. Hilo nimelisikia mara nyingi. Sikudhani hata siku moja kwamba mgeni asiyejulikana anaweza kuwa mimi.

Nikaingia nyumba ya kwanza niliyoiona. Mama mmoja mtu mzima alikuwa uani anapepeta maharage kwenye ungo, pamoja na mkwe wake. Sasa, nyie mnakumbuka tulivyofundishwa: mtafiti asijenge ukaribu utakaoharibu majibu. Kwa hiyo sikumwamkia. Shikamoo niliimeza kwa ajili ya sayansi.

"Kaya hii ina watu wangapi?"

Alianza kuniangalia viatu, akapanda hadi usoni. "Tupo," akasema.

"Watoto wa kiume?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Hawapo."

"Mna akiba ya mahindi kiasi gani, na mnaihifadhi wapi?"

"Ipo ndani."

"Na barabara ile, malori yanapita sana?" (Nilikuwa nauliza habari za soko. Kweli kabisa.)

Mama akaweka ungo chini. Akatabasamu vizuri sana. "Maswali yako mazuri, mwanangu. Kaa kwenye kigoda nikupe rubisi." Kisha akamgeukia mkwe wake. "Wewe nenda kwa jirani, kaazime chumvi."

Nikakaa. Nikanywa ile pombe ya ndizi taratibu, nikiwaza jinsi nitakavyomweleza Dakta kwamba wakulima hunikaribisha hata bila salamu. Mkwe alichelewa. Aliporudi hakuwa na chumvi. Alikuwa na mgambo wanne wenye virungu.

Mimi nikafurahi. Nikawaambia, "Karibuni, ndugu zangu. Nyie nitawahoji baada ya mama."

Kamanda wao, kijana mfupi mwenye kofia ya jeshi iliyofifia, akasimama mbele yangu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtafiti."

"Unatafuta nini?"

"Maoni ya wananchi."

"Yamepotelea hapa?"

Nikaanza kumweleza habari za sera. Hakungoja nifike mbali. "Rete mkanda," akasema. "Na viatu." (Mnajua huku kwetu r na l hubadilishana zamu. Sikuona kama ni wakati mzuri wa kumsahihisha.)

Mkanda ukatoka. Bugaluu ikaanza safari ya kwenda chini, nikaiwahi. Basi nikapitishwa katikati ya kijiji pekupeku, nimeshika suruali ya watu, mgambo wawili mbele na wawili nyuma. Wanakijiji waliokuwa kwenye shamba la ujamaa wakaacha majembe wakatufuata, na mimi nikapata sifa ya kuwakusanya wengi kuliko mwenyekiti wao anavyoweza.

Ofisini, Dakta alikuwa ana kipande cha muhogo mkononi.

"Huyu mnamjua?" kamanda akauliza.

Dakta akaniangalia. Akaviangalia virungu. Akauweka muhogo kwenye sahani polepole. "Tumeonana leo asubuhi tu," akasema.

"Dakta," akasema Bi Salome.

"Si kweli tumeonana leo asubuhi?" akajibu Dakta, akafuta miwani.

Aliyeniokoa ni Leokadia. Alitokea nyumba ya pili, mikono imejaa unga wa muhogo, akapenya katikati ya watu. "Huyu namjua, tunasoma chuo kimoja," akamwambia kamanda. "Hana akili ya kuwa jasusi."

Kamanda akanitazama upya, kuanzia vidole vya miguu hadi nywele, akaona hoja ina uzito. Mkono wake ukaniachia bega.

Mambo yangeishia hapo ningeondoka na nusu ya heshima yangu. Lakini Bi Salome, nadhani kwa kunisaidia, akasema, "Basi, Ndugu Fidelis, waambie hawa ulikuwa unafanya nini. Tupe taarifa ya nyumba ile."

Nikaona nafasi yangu inarudi. Nikakohoa. Mlangoni watu wamejaa, na yule mama naye kafika, kasimama mbele yao. Nikatoa sauti ya ukumbini.

"Tatizo kuu la kaya ile ni vijana kukimbilia mijini. Watoto wawili wa kiume, wote wameutoroka ukulima, wamemwachia mzigo mama mtu mzima."

Hata Dakta aliacha kutafuna.

"Wanangu wako vitani," akasema yule mama. Hakupaza sauti. "Walipanda lori moja. Tangu waende sijasikia habari zao. Uliponiuliza wako wapi, nilijua wewe ndiye jasusi uliyetumwa kuwapeleleza."

Nilikuwa nimeshika suruali kwa mikono miwili. Sikuwa na mkono wa kujifunika uso.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hapo ndipo ungeanzia. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Yustina, wa Kanazi."

"Yustina wa kwaya?" Akanisogelea, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu huku na huku kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Kumbe na yeye kwao ni Kanazi. Ameolewa Runazi akitokea parokia yetu, na aliimba na mama yangu wakiwa wasichana. Akamgeukia kamanda. "Mwachieni. Mama yake naye ndivyo alivyokuwa. Wenzake bado wanavuta pumzi, yeye keshaanza wimbo."

Hapo wakacheka wote, kamanda mpaka akajishika tumbo.

Leokadia akatoa taarifa yake. Alisema hakuuliza swali hata moja. Alisaidia kutwanga muhogo, na wenye nyumba wakamwambia wenyewe kwamba shamba la ujamaa hulimwa sana siku wageni wanapotangazwa. Mwenyekiti wa kijiji akatazama dari. Dakta akasema hilo si la kuweka kwenye ripoti. Bi Salome akaendelea kuandika.

Majibu yetu, Dakta anasema, yatakuja kwa posta. Langu sihitaji kulisubiri.

Kamanda naye akatamka kwamba siondoki mpaka ujumbe utoke Kanazi kuthibitisha mimi ni nani. "Utaratibu ni utaratibu," akasema Dakta, na sijawahi kuona mtu mnene akipanda Landrova kwa wepesi ule. Leokadia alinipungia mkono dirishani huku kajiziba mdomo kwa leso.

Kwa hiyo nawaandikia nikiwa uani kwa Mama Anastazia, ndilo jina lake. Mkanda nimerudishiwa. Raizoni kamanda anasema bado anazichunguza, na nimemwona akizichunguza akiwa amezivaa. Kesho asubuhi nakwenda shamba na watu wa hapa, na jembe nimeshakabidhiwa.

Mama kaniomba nimwandikie wanawe barua, ataitafutia mtu wa kuipeleka. Nimemuuliza wako kikosi gani, kisha nikajiuma ulimi. Amevuta kigoda karibu, akaniambia.

Mkicheka, chekeni kwa sauti ndogo. Bado sijaachiwa rasmi.