Mchezo Ambamo Kiongozi Hakosei

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Michezo ya Kompyuta yenye Maadili ilifanikiwa kutengeneza mchezo ambamo kiongozi hawezi kukosea. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Matokeo iliyosimamia kazi hiyo, na nalisema hili kwa fahari, ingawa wenye midomo yao huko mitaani wanasema mengine.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana wengine mnadhani michezo ya kompyuta ni ya kupigana mateke tu. Mchezaji anakuwa Kiongozi wa Mji. Mji una makundi matatu: Wachota Maji, Wenye Maduka na Walinda Lango. Kila anachoamua kinampandishia sifa kwa kundi moja na kumshushia kwa jingine, na sifa hizo ndizo zinazoamua nani atamsaidia na nani atamfungia mlango. Aliyeubuni ni binti mmoja mwembamba, mwenye maneno machache lakini yanachoma, ndiyo maana ofisi nzima inamwita Sindano.

Waziri alikuwa ameshasema wazi. Atakuja kuucheza mchezo kwa mkono wake, na akimaliza ataamua kama Mkurugenzi wetu abaki na kiti au akapumzike nyumbani. Mkurugenzi anakipenda kiti kile. Kinazunguka. Kwa hiyo akaona ni busara aujaribu yeye kwanza.

Alianza vizuri. Akawaahidi Wachota Maji kisima kipya. Kisha akawaahidi Wenye Maduka kisima hichohicho. Kisha akakichimba nyuma ya nyumba yake. Mambo ya kawaida kabisa ya uongozi. Lakini watu wa mchezo ule, sijui Sindano aliwalisha nini, walikuwa wanapashana habari. Mkate ukapanda bei kwa Mkurugenzi peke yake. Maji yakawa yanamfikia na matope. Alipotaka kutoka mjini kwenda ziarani, mlinzi wa lango akamwambia asubiri, kisha akaendelea kukata kucha.

"Huyu anajua anamsimamisha nani?" Mkurugenzi akauliza.

"Anajua," akajibu Sindano. "Ndiyo sababu anakusimamisha."

Kamati iliitishwa saa hiyohiyo. Mkurugenzi akafafanua kwamba yeye hana ugomvi na matokeo. Matokeo ni kitu kizuri, sera inayataka, na uamuzi usio na matokeo yenye maana ni kubonyeza vitufe tu. Ila yasimfikie kiongozi. Yaishie hukohuko chini, kwa wenyewe. Tukapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza, tukaazimia kwamba sifa za kiongozi ziwe zinapanda tu, hazishuki.

Sindano akarekebisha. Nami nikaupeleka mchezo nyumbani kwa ajili ya uhakiki shirikishi wa wadau, yaani nikampa shangazi yangu, ambaye naishi naye na ambaye huuza vocha za simu dirishani. Shangazi akavaa miwani, akachoma soko. Wenye Maduka wakatoka mbio, moshi vichwani, wakimshukuru. Akafunga maji, Wachota Maji wakamwimbia. Akamtia jela mlinzi wa lango, naye akampungia mkono kupitia nondo.

"Mwanangu," akaniuliza, "hawa ni watu, au wamerogwa?"

Hakungoja jibu. Alirudi kwenye vocha zake, na nilimsikia akimwambia mteja kwamba mtoto wa kaka yake ana kazi nzuri ila hajui kazi yenyewe ni nini. Kwenye ripoti niliandika kuwa mdau ameridhika.

Hata hivyo Mkurugenzi mwenyewe aliingiwa na wasiwasi. Watu wanaoungua huku wanacheka wanaweza kutafsiriwa vibaya, na Waziri anaweza kudhani kuna mtu anakejeliwa. Tukakaa tena. Hapo ndipo nilipotoa hoja ambayo, kwa hesabu zangu, ingenipa unaibu. Nilisema tatizo si sifa kupanda wala kushuka. Tatizo ni watu kujua. Basi kila uamuzi wa kiongozi uhesabiwe kuwa haujatokea. Kama haujatokea, nani atamlaumu? Mkurugenzi alinitazama kama mtu aliyeng'olewa jino lililomsumbua mwaka mzima.

Sindano akauliza kama ni maamuzi yote, hata yale mazuri. Nikamwelimisha kwamba kutenganisha mazuri na mabaya kunahitaji kamati ndogo, kamati ndogo inahitaji chumba, na chumba kilichobaki kina viti vilivyovunjika. Akasema kiongozi asiyeweza kumuudhi mtu hawezi kumfaa mtu pia. Mkurugenzi akamwambia atuondolee falsafa, aseme tu kama kompyuta inaweza. Akasema inaweza. Agizo likasainiwa, likapigwa muhuri, tukanywa chai.

Waziri alikuja asubuhi. Ni mama wa makamo asiyependa maua wala hotuba za makaribisho, na tulikuwa tumeandaa vyote viwili. Aliketi mbele ya skrini kubwa ya ukumbini, akavua viatu chini ya meza, akaanza kucheza.

Akachimba kisima katikati ya mji. Wachota Maji wakakizunguka na ndoo zao, wakaenda mtoni. Akadhani hawajakiona, akachimba cha pili. Wakakizunguka na hicho. Akawafutia Wenye Maduka ushuru, nao wakaendelea kulalamikia ushuru uleule. Akaenda langoni kumpandisha cheo mlinzi, na mlinzi akawa anatazama barabara iliyokuwa nyuma ya Waziri. Akapanda jukwaani ahutubie. Mfagiaji akaja, akafagia jukwaa, akaifagia na miguu ya Waziri. Mtu mmoja ukumbini alicheka, kisha akajitia kukohoa.

"Mbona hawanioni?" Waziri akauliza, kwa sauti ya chini tu.

Mkurugenzi akasema ni hitilafu ya umeme. Sindano akasema umeme uko sawasawa, na akaeleza bila kupepesa macho kwamba kwa agizo la Kamati maamuzi ya kiongozi hayatokei. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Waziri akaomba alione agizo. Akalisoma, akalirudia, akavaa viatu vyake.

"Kwa hiyo mlikaa kikao," akasema, "mkaona dawa ya kiongozi kutolaumiwa ni kutokuwepo."

Mkurugenzi akasema ilikuwa kwa nia njema, Mheshimiwa. Waziri akajibu kwamba nia haina shida, na agizo lenyewe limempendeza. Mchezo wa kwanza wa Sindano, ule wa mlinzi na kucha zake, ndio utakaokwenda kwa wananchi. Mkurugenzi abaki na kiti chake, gari lake na kibao chake mlangoni. Ila agizo nalo libaki, lianze kutumika humuhumu ofisini, kwa maamuzi ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi alitoka ukumbini akipeana mikono na kila mtu. Kiti kimebaki! Siku za mwanzo zilikuwa tamu kweli. Barua za malalamiko zilikoma, simu za lawama zikanyamaza, na akaniambia hajawahi kuongoza kwa amani namna ile.

Kisha akamnyima dereva likizo. Dereva akawaaga wenzake vizuri, akaenda. Akaagiza kuta zipakwe rangi ya kijivu. Mafundi wakapaka njano naye amesimama palepale, wakamwomba asogee kidogo, maana alikuwa ameziba ukuta. Akaitisha kikao cha dharura, sote tukawa kwenye kikao kingine. Alianza kuwagombeza watu kwenye ngazi, nao walimpisha kwa adabu na kuendelea na mazungumzo yao. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Siku moja nilimkuta amegeuza kiti, anautazama ukuta wa njano, hazunguki hata kidogo.

"Katibu," akasema bila kugeuka, "andika waraka. Lile agizo nimelifuta."

Niliuandika kwa lugha nzito, yenye "kwa kuzingatia" na "kwa kuwa" za kutosha. Akasaini kwa kalamu nene, akagonga muhuri mwenyewe mpaka vikombe vikatikisika. Nikaukimbiza masijala. Mama wa masijala akausoma taratibu, akaniuliza kama kufuta agizo ni uamuzi. Nikasema ni uamuzi. Akauliza ni uamuzi wa nani. Nikamtajia. Akanirudishia karatasi yangu kwa upole, akaniambia nimfikishie Mkurugenzi pole zake.

Nilirudi nikamweleza yote. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanielekezea kidole ambacho zamani kilikuwa kikihamisha watu mikoa.

"Wazo lilikuwa lako," akasema. "Nimekufukuza kazi. Kuanzia sasa hivi."

Nikamshukuru kwa uongozi wake thabiti, nikarudi mezani kwangu, nikaendelea na kazi.