Kila Mtu Dakika Moja

Jumatatu, 3 Juni
Nimepewa muziki! Mdogo wangu anaolewa Jumamosi, na leo mbele ya ukoo mzima kasema muziki wa sherehe asimamie dada. Dada ndiye mimi. Shangazi kaguna. Kasema mtu aliyeunguza uji wa mtoto mara mbili kwa wiki moja hawezi kusimamia nyimbo za watu mia mbili. Uji ni uji, nyimbo ni nyimbo. Tena ni mara tatu, ila ya tatu haijui.

Naandika nyuma ya daftari la kliniki la mtoto. Mbele ni kilo zake.

Jioni kwa Bibi. Ndiye aliyetulea sisi wawili, hakuna mwingine. Ana ombi moja tu: upigwe ule wimbo wa harusi yake, acheze na mdogo wangu. Mara moja tu, mke mwenzangu, kasema, kabla magoti hayajanikana kabisa. Nikaapa. Machozi yakanilenga.

Jumanne, 4 Juni
Siku ya ahadi. Shangazi anataka nyimbo za taratibu, maneno yasikike, watu wacheze kama watu. Sawa, Shangazi. Marafiki wa shemeji wanataka zile za kutikisa vioo. Sawa, jamani. Baba yake shemeji, dereva wa lori mstaafu, anataka gitaa za ujana wake, na kila wimbo una dakika kumi na nne. Sawa, baba.

Huu mdomo wangu! Neno hapana halipiti.

Mume wangu kauliza kama sherehe ni ya siku tatu. Nikahesabu kwa vidole vyangu, kisha vya mtoto. Nyimbo themanini na saba. Muda wa kucheza, saa moja na nusu.

Jumatano, 5 Juni
NIMEPATA! Nilikuwa namnyonyesha. Mtoto huyu hamalizi upande hata siku moja. Kidogo huku, kidogo kule, kote kumeguswa, anacheka. Basi! Kila wimbo dakika moja. Hakuna atakayenyimwa, na hakuna atakayepata nafasi ya kulalamikia wimbo wa mwenzake. Tena zinabaki dakika tatu za keki.

Nikakimbia kwa fundi simu. Kaniuliza kama nina hakika, wimbo si kitambaa. Nikamwambia hata kitambaa hukatwa ndipo kiwe gauni. Akawasha kompyuta. Nilijipenda.

Kazikata, kanitilia zote kwenye flashi. Zile nzima nikazifuta kwenye simu, zilimnyima mtoto nafasi ya picha. Ana jino!

Ijumaa, 7 Juni
DJ kaiona orodha, kaniuliza nani kanikosea. Nikamwambia kazi yake kubonyeza. Shangazi naye kapita kukagua. Kasema mtaka yote hukosa yote. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Juni, saa kumi jioni. Chooni, ukumbini
Nimejifungia.

Wimbo wa Shangazi ulianza. Akajitengeneza kitambaa cha kichwa, akatembea kwa madaha mpaka katikati. Ukaisha. Vijana wakavamia, wakapigana vikumbo na Shangazi anayerudi. Ukaisha. Dereva wa lori alisimama kungoja gitaa liingie. Halikuingia. Dakika yake yote ilikuwa ya mtu kukohoa na kugonga ngoma.

Wa tisa, wa Bibi. Akavaa viatu alivyovivua chini ya meza. Akatafuta fimbo. Akainuka. Mdogo wangu kafungua mikono pale katikati, shela lote linatetemeka. Bibi akapita meza ya kwanza. Ya pili. Kwenye meza ya tatu wimbo ukakatika.

Miguu ya Bibi naijua tangu nizaliwe. Nilipima kila kitu isipokuwa hiyo.

Akanitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumapili, 9 Juni
Mume wangu aligonga mlango wa choo, mtoto analilia titi. Kasema toka, Bibi amegoma.

Kweli. Kafika katikati, kajiegemeza kwenye fimbo, kasema harudi. Hakutembea safari yote ile ili arudishwe kitini. Anayetaka kuruka aruke pembeni, yeye wimbo wake utamkuta hapo hapo.

Nani amwondoe? DJ kanigeukia, kataka ule mzima. Nikatazama simu yangu. Meno. Picha mia mbili za jino moja.

Basi akapiga ile dakika. Bibi akashika mkono wa mdogo wangu, wakaanza. Ikakatika, watu mguu hewani. DJ akairudisha. Ikakatika tena. Akairudisha! Mara ya nne vijana walishajua maneno. Dereva wa lori akaingia, kasema angalau huu unaanza. Shangazi aligoma kukaa, asipoteze nafasi. Mara ya saba, rafiki mmoja wa shemeji, yule wa miwani myeusi, alikuwa amepiga magoti akimwomba Bibi arudie ile hatua. Bibi kasema kiuno hakifundishwi, lakini tazama.

Mara kumi na moja! Nililia nikicheza, mtoto mgongoni.

Bibi kaniambia kwenye harusi yake alicheza mara moja tu, babu alikuwa na haraka. Shangazi kanibinya shavu. Kasema leo hukuunguza.

Jumatano, 12 Juni
Shangazi anastaafu kazi mwezi ujao, na kutakuwa na sherehe. Kaniomba mwenyewe, kwa mdomo wake, nisimamie muziki! Nimeshasema sawa kwa watu kumi na tisa. Nyimbo mia moja sabini na nne, muda ule ule.

Nimekaa nikatafakari ya Jumamosi kwa makini, nikaliona kosa. Dakika moja ni ndefu mno. Fundi simu kasema hajawahi kuombwa nusu dakika. Nikamwambia, kata.

Safari hii hata Shangazi ata

Ngoja. Uji!